Kura ya lazima Kenya: tuanze na faini au na daftari la wapigakura?

Wa Nakuru: Uchaguzi mkuu wa Agosti 2022, wapigakura waliosajiliwa walikuwa milioni 22.1. Waliojitokeza ni kama asilimia 65, kwa hiyo zaidi ya milioni saba walibaki nyumbani. Australia walikuwa na shida hiyohiyo: 1922 hawakufika asilimia 60. Sheria ya kura ya lazima ikapita 1924, na uchaguzi wa 1925 ukavuka asilimia 91. Faini ya asiyepiga kura ni dola 20 za Australia tu. Tuifuate.

Wa Kilifi: Hesabu zako sawa, ndugu yangu, ila umeanzia mwisho. Faini ndiyo sehemu ndogo kabisa ya mfumo wa Australia. Wao huchagua Jumamosi. Aliye mbali na jimbo lake la bunge anaweza kupiga kura kituo kingine, au kwa posta, au mapema kabla ya siku yenyewe, na maafisa huwafuata wagonjwa hospitalini. Asiyepiga huandikiwa barua ajieleze. Sababu ikikubaliwa, yamekwisha.

Kwetu jina lako liko kituo kimoja, na hapo ndipo unapopigia kura. Bawabu wa Mombasa aliyejiandikisha Kitui achague lipi, nauli ya kwenda na kurudi au faini? Hapo mnamwadhibu mtu kwa kukosa nauli! Na barua mtaipeleka wapi, wakati wengi hawana hata sanduku la posta? Ukaguzi wa daftari uliofanywa na kampuni ya ukaguzi ya KPMG 2022 uliwakuta humo marehemu zaidi ya laki mbili. Nao watatozwa?

Wa Nakuru: Daftari linasafishika. Tuwabane kwanza waliokwisha kujiandikisha.

Wa Eldoret: Usiombe hilo. Chile walilijaribu kwa miaka mingi: kujiandikisha ni hiari, lakini ukishajiandikisha kura ni lazima. Vijana wakalikwepa daftari. Mwaka 2012 wakageuza yote mawili, kila raia akaandikishwa moja kwa moja na kura ikawa hiari, idadi ya waliopiga kura ikashuka. Waliporudisha lazima kwenye kura ya maoni ya katiba, Septemba 2022, daftari lilikuwa tayari lina kila mtu. Waliojitokeza walipita asilimia 85. Huku kwetu kijana asiye na kitambulisho cha taifa hata hajulikani kama ni wa kutozwa.

Halafu kuna kura zilizokataliwa. Mpiga kura wetu hupewa karatasi sita, kuanzia rais hadi MCA (mwakilishi wa wadi). Aliyesukumwa kituoni anaweza kuzitumbukiza zote tupu, na usiri wa kura hauruhusu kumuuliza. Mahakama ya Juu ilishaamua 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii katika hesabu ya kujua kama mgombea urais amevuka nusu ya kura. Kwa hiyo umemlazimisha aje, kisha umeitupa sauti yake. Mimi siungi mkono muswada wowote usioweka "simtaki yeyote" kwenye kila karatasi, na ihesabiwe.

Wa Kilifi: Muswada wenyewe nao si wa bunge peke yake. Haki ya kupiga kura iko Kifungu cha 38 cha Katiba, ndani ya Sheria ya Haki, na kuigeuza kuwa wajibu ni kuigusa. Kifungu cha 255 kinadai kura ya maoni, na angalau asilimia 20 ya waliosajiliwa wajitokeze katika kila moja ya kaunti 24 au zaidi.

Wa Nakuru: Nakubali utaratibu huo. Basi tudai kwanza mtu aruhusiwe kupiga kura ya urais kituo chochote alipo. Karatasi hiyo ni moja nchi nzima.