Fundi mnayemjua kaniulia altaneta mbele ya macho yangu, halafu kadai na nauli

Wakuu, salamu baadaye. Mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnisamehe.

Simtaji jina, sina haja. Mwenye mashine yoyote kuukuu kuanzia Feri hadi Kibada, huku Kigamboni, anamjua: miwani imefungwa kwa waya wa shaba, bisibisi iko sikioni kama kalamu ya karani. Huyo huyo.

Nina Massey Ferguson 135 ya marehemu mzee wangu, ile ya Perkins silinda tatu, inavuta tela la tofali. Dainamo, ile ya kuchaji betri, ilishachoka, kila asubuhi tunaisukuma mtaa mzima, hadi mwenyekiti. Nikajipigapiga, nikanunua altaneta, mrithi wa dainamo, ya mtumba Gerezani, laki na themanini. Nikamwita yeye afunge.

Waya mnene wa kwenda betri kavuta vizuri, sina neno. Akafika kwenye taa ya chaji pale dashibodi. Akachomoa kibalbu, akakipuliza vumbi, akakitazama juani kama mnunuzi wa Tanzanite, akakitupia kwenye kopo la nati. "Hii urembo tu." Nikamwambia fundi, hicho kibalbu ndicho kinachoiamsha altaneta, umeme mdogo unapita hapo kwenda kwenye koili, bila hicho inaweza kulala tu. Akanuna kama nimemwambia ananuka jasho. Akakirudisha. Yakapita.

Tukawasha. Nina kamita kangu ka elfu 15, nikaweka kwenye betri: volti 14.2, inachaji. Wakuu, 14.2! Mzee angekuwepo angechinja mbuzi.

Hapo ndipo alipofanya.

Alichomoa tamino, kile kichwa cha waya kinachobana kwenye betri. Injini inanguruma. Akainyanyua juu kama nahodha na kombe, akatabasamu: "Unaona bosi? Haizimi. Ujue altaneta inapiga kazi."

HAIZIMI KWA SABABU NI DIZELI!!! Trekta hii unaizima kwa kuvuta kile kishikio cha kukata mafuta kwenye pampu. Ikishawaka haina shida na betri. Ungetoa betri, ungetoa altaneta, ungetoa kiti, bonati na mimi mwenyewe, ingeendelea kunguruma mpaka dizeli iishe. Sasa alikuwa anapima nini?

Ilipiga cheche, kikatoka kiharufu kama ukoko wa wali. Akarudisha tamino. Mita: 12.4, chaji hakuna. Nikapiga resi: 12.3. Nikapiga resi mpaka kuku wa jirani wakahama: 12.2. Akainama, akaigonga altaneta na spana mara mbili, akasema, "Umeuziwa feki."

Nikamwambia umeiua wewe. Akanijibu mbele ya vijana wangu wanne na mama ntilie: "Mimi naanza kazi hii, wewe unaendesha gari la kopo." Vijana wakacheka. Vijana WANGU, ninaowalipa! Kisha akadai 40,000 ya ufundi na 10,000 ya nauli. Pantoni ni shilingi 200!

Alichomoa tamino, wakuu. Nataka mnielewe hapo. ALICHOMOA.

—

KishokaWaMbagala: Niko siti ya mbele na karanga zangu. Endelea.

DadaWaVijiko: Ni yule yule! Alitufungia umeme wa kijiko, ule mtambo wa kuchimbia, saiti, tangu siku hiyo ukipiga honi waipa zinacheza. Ukimuuliza anasema ni mfumo mpya.

Nusu_Mkate: Mtoa mada kununua mita ya elfu 15 keshajiona mhandisi.

MstaafuWaKarakana: Mtoa mada, pole. Huo mchezo ni wa enzi za dainamo na magari ya petroli, na wazee waliomfundisha fundi wako chini ya mwembe waliurithisha bila maelezo. Altaneta ina dayodi sita kubwa ndani, vile vidude vya kupitisha umeme upande mmoja tu, na betri ndiyo godoro lake. Ukichomoa godoro wakati inasukuma chaji nyingi, hasa betri ikiwa hoi kama yako, volti zinaruka ghafla, zinaweza kupita hata 50. Dayodi zinaondoka, pengine na reguleta inayodhibiti volti. Usiitupe. Ifunguliwe, zipimwe dayodi, reguleta na kaboni, koili huenda ni nzima. Swali moja: bodi yako ni hasi, yaani upande hasi wa betri ndio umefungwa kwenye bodi? Trekta nyingi za Uingereza za zamani zilikuja chanya ndiyo bodi. Ukifunga altaneta kinyume inakufa palepale, hata hujawasha.

Mtoa mada: Bodi ni hasi mzee wangu, nilihakikisha kabla hata hajafika. Shikamoo na asante. Lakini ulisoma pale aliponyanyua tamino juu?

MstaafuWaKarakana: Marahaba. Nilisoma.

Mtoa mada: Na akatabasamu.

Nusu_Mkate: Wewe ulikuwa na mita mkononi na mdomo usoni, mbona hukumzuia?

Mtoa mada: Ilikuwa sekunde mbili kaka! Mbili!

Bi_Mwembeyanga: Ngoja kwanza. Hiyo 40,000 ulilipa?

Mtoa mada: Tuzungumzie altaneta.

Bi_Mwembeyanga: ULILIPA?

Mtoa mada: Nilimpa 30. Na nauli.

KishokaWaMbagala: Hahahahaa karanga zimenipalia. Na nauli!

DadaWaVijiko: Elfu kumi ya pantoni! Na bado angeambiwa apige mbizi.

Mzaramo_Original: Huyo wenu ana nafuu. Wangu wa friji alifungua friji sebuleni Jumatatu, akasema anafuata gesi. Watoto wametumia mlango wake kama goli tangu Pasaka.

Bi_Mwembeyanga: Wote hao hawajakutana na fundi cherehani wa Tandika. Nilipeleka kitenge cha send-ofu ya mdogo wangu mwezi mmoja kabla. Siku yenyewe saa nane mchana nakikuta mezani bado ni kitenge, kimefunikia mihogo. Ananiambia, "Dada nilikuwa naanza na wewe sasa hivi."

Mzaramo_Original: "Nilikuwa naanza na wewe" ni wimbo wa taifa wa mafundi cherehani.

DadaWaVijiko: Wangu alinibana kiuno nikashindwa kukaa ukumbini. Nilikula pilau nimesimama kama mlinzi.

Mtoa mada: Jamani. Tamino.

Nusu_Mkate: Dada ulikula pilau umesimama? Na nyama ulipata?

DadaWaVijiko: Mfupa mmoja. Kamati ilikula yote, ila hilo nalifungulia uzi wake.

Mgeni_Chanika: Samahani, huyo fundi wa Tandika akishona anashona vizuri? Naomba namba yake inboksi, nina sare za watu kumi na wawili, harusi ni tarehe 14.

Bi_Mwembeyanga: Akishona hana mpinzani. Nakutumia.