Metal Box ya PiL (1979): nasikia makelele tu, besi iko wapi?

Bati_Tupu:

Wakuu, habari za leo. Nataka kuisikiliza Metal Box, albamu ya bendi ya Uingereza Public Image Ltd (PiL), kwa mara ya kwanza, mwanzo hadi mwisho. Kwa spika ya simu nimeishia dakika ya sita ya wimbo wa kwanza. Kuna mtu analalamika kwa mbali, gitaa linakwaruza kama msumari kwenye bati, na hiyo besi ambayo kila anayeisifu albamu hii lazima aitaje, sijaisikia kabisa.

Naomba kujua: ni simu yangu, au ndivyo ilivyorekodiwa? Nifuate mpangilio au niruke? Na hii nyingine inayoitwa Second Edition ni kitu kilekile au tofauti? Nina sabufa ya kawaida yenye vispika viwili, na hedifoni za waya. Halafu kuna mtu anauza toleo la kwanza lenyewe, santuri tatu ndani ya kopo la bati. Nikienda kuiangalia nichunguze nini?

BesiNzito:

Simu hiyo, mkuu. Waya mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi unatoa mtetemo wa hezi 41 hivi, na unaofuata 55. Spika ya simu chini ya hezi mia kadhaa haina inachoweza. Kwenye nyimbo nyingi hilo halikusumbui, kwa sababu besi inakuwa na ukali fulani wa juu ambao sikio linaushika, kisha akili inajazia uzito yenyewe. Jah Wobble, mpiga besi wa PiL, hakukuachia ukali huo. Alikuwa anaifuata dub ya Jamaika, ile rege inayotanguliza besi na ngoma, sauti ya besi imezimwa makali ikabaki ngurumo. Ukiipitisha kwenye simu unakuwa umeing'oa nguzo ya nyumba. Lazima gitaa la Keith Levene lisikike kama makelele, maana kile lilichokuwa limeegemea hakipo.

Anza na hedifoni za waya, hata za bei ndogo, ilimradi zikae vizuri sikioni. Za kuingiza ndani zikilegea kidogo tu, besi yote inavuja. Zisukume taratibu mpaka sauti ya nje ipungue. Kwenye programu unayochezea muziki zima vitu vitatu: kuchanganya nyimbo ovyo, kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa unaofuata, na hicho kitufe cha kuongeza besi. Hicho cha mwisho watu wanakidhania ni rafiki. Besi hapa tayari imejaa, ukiiongeza spika inaanza kukoroma na ngoma inazama.

Sabufa nayo ina mtego wake. Wengi wanaiweka kwenye kona ya ukuta, inavuma nyumba nzima, wanafurahi. Kona inakuza noti moja au mbili na kuzimeza nyingine, kwa hiyo unabaki na "buu, buu" ileile mwanzo mwisho. Isogeze angalau nusu mita kutoka kila ukuta. Kama ina kirungu cha kuchagua inapokomea, kiweke kati ya hezi 80 na 100. Ukikipandisha sana, hata sauti ya mwimbaji inatokea kwenye sanduku la chini.

Kipimo changu ni kimoja tu: cheza dakika mbili za Poptones, wimbo wa nne, kisha uzime na ujaribu kuiimba ile besi kwa mdomo. Ukiweza kuifuata inavyopanda na kushuka, umepanga vizuri. Ukiishia kwenye mdundo tu bila tuni, endelea kusogeza sanduku.

dada_wa_santuri:

Nakubaliana na BesiNzito kuhusu sabufa. Mimi naongezea kuhusu nini cha kusikiliza, maana hata kwa spika nzuri mtu anaweza kupotea.

Wengi wetu tumezoea dansi na rumba, ambako gitaa la solo ndilo linaloimba na besi inashikilia. Hapa kazi zimegeuzwa. Besi ndiyo inayobeba tuni na kuirudia bila kubadilika, gitaa linazunguka nje yake likichokoza, na mwimbaji John Lydon (yuleyule wa bendi ya punk Sex Pistols, aliyeachana nao Januari 1978) anapita katikati kama mtu anayepita sokoni akiongea peke yake. Usingoje kibwagizo. Usingoje wimbo "ufunguke". Shika besi mwanzo mwisho, vingine vitakufuata vyenyewe.

Kwa hiyo usianze na Albatross, wimbo wa kwanza. Najua wengine watanipiga mawe, lakini ni dakika 10 na sekunde 34 za mstari mmoja wa besi, na kwa mgeni ni mlango mzito. Siku ya kwanza sikiliza tatu tu.

Poptones kwanza. Gitaa linazunguka kama feni, noti moja moja, halitulii popote. Ngoma kapiga Levene mwenyewe, ndiyo maana zinasikika kama zinalisaidia gitaa badala ya kuliongoza.

Kisha Swan Lake. Hii ilitoka kwanza kama santuri ndogo Juni 1979 kwa jina la Death Disco. Mdundo wake ni wa disko kabisa, miguu inaelewa mara moja. Ila anachoimba Lydon ni kifo cha mama yake aliyekuwa na saratani. Sasa sikiliza gitaa: ndani ya ule mkwaruzo Levene anaiingiza tuni ya Tchaikovsky, ile ya baleti ya Swan Lake, inachomoza, inapinda, inapotea tena. Mara ya kwanza unaweza kuikosa. Ukishaisikia huwezi kuacha kuisikia.

Ya tatu Careering. Hakuna gitaa la kutafuta humo, ni sinthesaiza inayopita juu kama ndege mbovu, na maneno yanahusu mauaji ya Ireland ya Kaskazini enzi hizo.

Siku ya pili ndiyo uanze na Albatross na uende mpaka mwisho, dakika 60 hivi. Ukifika Memories usidhani spika imeharibika: wimbo unabadilika ghafla kutoka sauti nyembamba kwenda nene, unarudi, unabadilika tena. Wameunganisha michanganyo miwili tofauti ya wimbo mmoja, na wameacha mshono uonekane. Socialist, Graveyard na Radio 4 hazina kuimba, kwa hiyo usikae unasubiri sauti.

Mzee_45:

Kijana, nakujibu la bati. Kuhusu mpangilio namwachia dada, ingawa kwangu Albatross ndiyo mlango na asiyeweza kuupita arudi nyumbani.

Iliyotoka Novemba 1979 ni santuri tatu za inchi 12, zinazozunguka 45 kwa dakika, ndani ya kopo la duara kama la filamu za sinema, nembo ya PiL imebonyezwa kwenye kifuniko. Wazo lilikuwa la mpiga picha Dennis Morris, na jina ni la kampuni ya makopo ya Metal Box, hiyohiyo iliyokuwa na kiwanda Thika. Kopo lilikuwa ghali mpaka bendi ikalazimika kuirudishia Virgin, kampuni yao ya santuri, pauni 33,000 za malipo ya awali. Februari 1980 ikatolewa tena kama santuri mbili za kawaida kwenye jalada la karatasi, ndiyo Second Edition. Nyimbo ni zilezile 12. Tano za mwanzo zinafuatana sawa na za bati, baada ya Careering ndipo mpangilio unapotofautiana, na zote mbili zinaishia Radio 4.

Kwa nini 45? Besi inakula nafasi. Sindano ya kuchongea inayumba sana kushoto na kulia kwa sauti nzito, kwa hiyo mfereji unahitaji upana. Ukibana dakika 20 kwa upande mmoja inabidi upunguze besi au upunguze sauti yote. Kwenye bati una pande sita kwa saa moja, yaani wastani wa dakika 10 kila upande, na Albatross imepewa upande wake peke yake. Mwendo nao ni mkubwa zaidi kwa asilimia 35, sindano ina nafasi ya kusoma kila kitu.

Mtego wa kwanza ndio huu: watu wanaweka mashine kwenye 33 kwa mazoea. Kwa albamu nyingine ungeshtuka mara moja. Hii ni ya ajabu kiasi kwamba mtu anaweza kumaliza upande mzima akidhani Lydon kaamua kuimba kama mgonjwa. Angalia saa. Albatross ikivuka dakika 14, kasi yako siyo.

Ukienda kwa muuzaji:

Kutoa santuri. Kopo limebana, hakuna pa kuingiza kidole. Usichokonoe kwa kisu wala kijiko, hapo ndipo nyingi zilipochanwa. Tandika kitambaa laini mezani, funika mdomo wa kopo kwa kiganja, ligeuze juu chini, kisha unyanyue bati na kuziacha santuri zimelala. Kati yake kulikuwa na karatasi za duara tu, bila mifuko. Karatasi zikikosekana, punguza bei kichwani mwako na utegemee mikwaruzo.

Kagua ukingo. Wimbo wa kwanza wa kila upande ndio unaoumia, kwa sababu ukingo ndio uliokuwa unakwaruza bati. Inamisha santuri chini ya taa moja: mikwaruzo myembamba kama nywele si tatizo, ila mkwaruzo unaousikia kwa kucha utasikika "tik" kila mzunguko.

Kutu. Kama kopo limekaa Tanga, Mombasa au Unguja, hewa ya chumvi imeshalifanyia kazi. Kutu ya nje ni sura tu. Ya ndani inamwaga unga, na unga huo ukiingia kwenye mfereji unasaga santuri na sindano pamoja. Pitisha kitambaa cheupe ndani ya kopo. Kikitoka cha kahawia, nunua ukitaka, lakini santuri zihamie kwenye mifuko ya kawaida na kopo libaki pambo.

Hakikisha ni inchi 12. Kuna kopo dogo la CD la mwaka 1990, na kwenye picha ya simu huwezi kuona ukubwa. Mwambie aweke kalamu pembeni.

Bati_Tupu:

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Sabufa nimeitoa konani, nimeweka 90. Poptones sasa besi naiimba. Ila kuna kitu: nyimbo zenye ngoma nzito kioo cha kabati kinatetemeka, mpaka nadhani ni sehemu ya wimbo.

BesiNzito:

Marahaba kwa niaba ya mzee. Kioo hicho siyo Levene, usimsingizie. Bandika vipande viwili vya mpira kwenye kona za kioo, na chini ya sabufa weka kipande cha zulia au ndala nzee, maana mtetemo mwingi unapitia sakafuni. Kisha cheza Radio 4. Haina ngoma hata moja. Kikilia hapo, ni kabati lako.

Mzee_45:

Marahaba, mwanangu. Muuzaji umeshamuuliza habari ya karatasi za duara?