Fildi kituo cha ushauri cha chuo, akija ninaemjua?

mwanamasta: Assalaam alaykum jamani, nasoma masta ya saikolojia, mwezi ujao naanza fildi (mafunzo ya vitendo) kituo cha ushauri cha chuo hapa Unguja na mji wenyewe huu sote twajuana, akija mtoto wa ami yangu nifanyeje?

mpemba_wa_wete: Usimpokee ukhti, mwambie supavaiza ampe mwenzako. Na mteja ukimuona sokoni Darajani usianze wewe kumwamkia, msubiri yeye. Hapo ndo siri za watu huvuja, wallahi naumia.

bi_tunguu: Kurikodi kikao lazma akubali kwanza, supavaiza ndo anasikiliza akusahihishe. Akitaja kujiua usibaki nayo peke yako, mwite supavaiza hapohapo, hospitali ya Kidongo Chekundu wapo madaktari wa akili.

mwanamasta: Shukran sana, hilo la Darajani sikuliwaza kabisa