Miembe ya ngowe inachanua, maua yanakauka. Niikate?

Mkulima_Magarini: Habari zenu wana jamvi. Nina miembe mitano ya ngowe aliyoacha marehemu babangu huku Magarini, Kilifi. Inachanua vizuri, kisha maua yanakauka na vijiembe vinapukutika. Dalali ananishauri niikate nipande embe aina ya Apple, eti ndiyo inayouzika. Mnasemaje?

BintiLamu: Kaka, weka shoka chini! Ngowe ni embe refu, ncha imepinda, halina nyuzi, na kokwa lake jembamba. Mimi nalichuma bichi likiwa gumu kwa achari, na lililoanza kulainika nalitia kwenye mchuzi wa samaki wa nazi mahali pa ukwaju. Huyo dalali anatafuta mzigo wa lori lake tu.

Bwana_Miche: Kwanza tazama ua kwa karibu. Ukiona unga mweupe kwenye vikonyo, huo ni ubwiri unga, nao unadhibitiwa kwa dawa ya salfa. Madoa meusi yanayosambaa, hasa baada ya mvua, ni chule. Hapo tumia dawa ya shaba. Anza maua yanapochomoza, usingoje yakauke. Pulizia jioni, maana mchana nzi na nyuki wako kazini, na nzi ndio wachavushaji wakubwa wa mwembe, ingawa watu huwasifu nyuki peke yao. Pogoa matawi ya katikati hewa ipite. Na Apple nayo hushikwa na magonjwa hayohayo, kwa hiyo utakuwa umehama bure.

Mkulima_Magarini: Ni unga mweupe, nimetoka kuangalia sasa hivi. Na yale machache yanayokomaa yana funza ndani.

Bwana_Miche: Funza ni wa nzi wa matunda. Yule mharibifu zaidi, aliyetoka Asia, aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Okota embe zote zilizoanguka kila siku, uzifunge kwenye mfuko mweusi juani au uzifukie futi mbili. Tundika mitego yenye chambo cha methili eujino, kemikali inayowavuta nzi hao. Majirani nao wafanye hivyo, la sivyo nzi watavuka uzio.

BintiLamu: Ukishindwa kabisa, kata matawi ya mti mmoja, machipukizi yakitoka pandikiza juu yake vijiti vya mwembe wa Apple. Utavuna mapema kuliko mche mpya. Ulizia KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Mtwapa.

Mkulima_Magarini: Sawa dada. Mmoja tu basi, ule wa karibu na barabara.

BintiLamu: Na achari unatuletea lini?