Mtoto wa mwaka na miezi miwili hataki kikombe, anataka chupa tu. Naombeni ushauri

MamaJunia_Tegeta
Habari zenu wapendwa.

Mwanangu wa kiume ana mwaka na miezi miwili. Likizo ya uzazi ya siku 84 ilipoisha nilirudi kazini, maziwa yangu yakapungua, na kabla hajatimiza mwaka akawa ameliacha ziwa mwenyewe. Tangu hapo chupa ndiyo kila kitu. Maziwa kwa chupa, maji kwa chupa, na dada anayeshinda naye humwekea hata uji mwepesi humo humo, chuchu imetobolewa kwa sindano ya moto ili upite. Usiku analala nayo mdomoni. Akishtuka saa nane anaipapasa kitandani, asipoipata nyumba nzima inaamka.

Vikombe nimenunua vya kila aina. Chenye mdomo mgumu anakitafuna kidogo kisha anakirusha. Chenye mrija anauchezea tu. Kikombe cha kawaida akiona maziwa yamo anageuza uso.

Sasa juzi nimeona meno yake ya mbele ya juu yana mstari mweupe karibu na fizi, kama chokaa, nikipangusa hautoki. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nianzie wapi? Niiondoe chupa siku moja yaishe, au kidogo kidogo? Na akigoma maziwa kabisa si atadhoofu? Chakula chenyewe anakula vijiko viwili vitatu anatema.

BintiMakorora
Pole mdogo wangu. Nimelea watatu na wote walipitia chupa, kwa hiyo naijua hiyo saa nane ya usiku.

Usianze na ya usiku. Hiyo ndiyo anayoipenda kuliko zote, ukiigusa kwanza utachoka wewe kabla yake. Anza na ya mchana, ile anayopewa kwa mazoea tu, saa nne au saa kumi. Hiyo moja igeuke kikombe. Nyingine ziache kama zilivyo mpaka aizoee hiyo, ndipo uhamie ya pili. Ya asubuhi ifuate, ya kulalia iwe ya mwisho.

Na kikombe chenyewe kiwe kidogo, cha wazi, unachoweza kukizungusha kwa kiganja. Tia maji funda mbili tu, umkalishe wima, ukingo uguse mdomo wa chini, uinamishe polepole mpaka maji yafike kwenye midomo yake. Usimmiminie. Avute mwenyewe. Atalowa, mvue shati umwache. Ajifunzie maji kwanza. Maziwa anayadai kwa chupa kwa sababu ndivyo anavyoyajua, ila maji hana ugomvi nayo.

Nesi_RCH
Mama, nafanya kazi kliniki ya mama na mtoto, nitaanza na kilichokuogopesha. Mstari mweupe kwenye meno ya mbele mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza ya jino kuoza. Mtoto akilala na maziwa mdomoni, sukari ya maziwa inakaa kwenye meno usiku kucha na mate hupungua akiwa usingizini. Mpeleke kwa daktari wa meno mapema, usisubiri yageuke kahawia, kwa sababu hatua hii bado inaweza kuzuiwa. Mpige mswaki asubuhi na kabla ya kulala, dawa ya meno yenye floridi kiasi cha punje ya mchele. Baada ya mswaki wa usiku ni maji tu.

La pili ni hilo la kutema chakula. Mtoto wa umri huu anahitaji maziwa kama nusu lita kwa siku. Akinywa chupa mchana na usiku tumbo linajaa, chakula atakitakia nini? Na maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma kidogo sana, ndiyo maana watoto wanaoishi kwa chupa tunawakuta na upungufu wa damu huku wamenenepa. Ukienda na kadi yake omba apimwe wingi wa damu. Chai usimpe, hata ya maziwa, inazuia chuma cha kwenye chakula kufyonzwa.

La tatu, uji kwenye chupa uache leo, hilo halihitaji kidogo kidogo. Uji uwe mzito, wa bakuli na kijiko. Ukipita kwenye chuchu iliyotobolewa unaweza kumpalia, na hajifunzi kutafuna. Ile chuchu pia haisafishiki vizuri, mabaki yanagandia kwenye tundu, na kuhara kwingi kunaanzia hapo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa miaka mingi wamehimiza kikombe badala ya chupa.

Usidhani hawezi. Wodini mtoto njiti ambaye bado hana nguvu za kunyonya hunyweshwa maziwa ya mama yake kwa kikombe kidogo, anayaramba kwa ulimi. Wa kwako ana meno na anatembea.

KibokoniMombasa
Dadangu, hivyo vikombe vyenye mdomo mgumu vingi vina kijipira ndani cha kuzuia kumwagika. Mtoto inambidi afyonze kwa nguvu zaidi ya chupa, hapati kitu, atakitupa tu. Kitoe hicho kijipira ujaribu tena. Na ukikitoa kitazame vizuri, uvundo na ukungu hujificha hapo.

Mrija nao hufundishwa. Chovya mrija kwenye maji, ziba tundu la juu kwa kidole, uingize ncha mdomoni mwake kisha uachie kidole. Matone yatamshukia. Fanya hivyo mara kadhaa wakati wa kucheza, si wakati ana njaa. Wangu siku alipofunga midomo akavuta mwenyewe, alishangaa mpaka akanitazama. Mimi naupenda mrija kwa safari na kikombe wazi kwa nyumbani. Hicho cha mdomo mgumu waweza kukiruka kabisa.

Mzaramo_Asilia
Mnahangaika bure. Pakeni shubiri kwenye chuchu ya chupa, siku mbili kaacha. Ndivyo sisi tulivyoachishwa ziwa.

Nesi_RCH
Mkuu, shubiri usimpake mtoto mdogo, inaweza kumsababishia tumbo la kuhara. Pilipili ndiyo kabisa, ikifika machoni ni mateso. Huyu tunataka akipende kikombe, tukimtia uchungu mdomoni atakataa na kijiko.

BabaKelvin
Naongezea ya usiku, maana kwangu kazi hiyo ilikuwa yangu. Mtoto akimwona mama usiku anakumbuka maziwa, kwa hiyo tukakubaliana nilale naye mimi. Kwanza tulitenganisha chupa na kitanda: maziwa anapewa sebuleni, kwenye kikombe, taa inawaka, halafu mswaki, halafu kanga yake anayoishika, ndipo kitandani. Ile ya katikati ya usiku tukawa tunapunguza kiasi kila baada ya siku chache mpaka ikabaki vijiko vichache, mwishoni maji ya kikombe. Alilia, siwezi kusema hakulia. Nilikuwa nambeba mgongoni mpaka anasinzia. Mkianza, baba au mtu mwingine anayemzoea ashike zamu hiyo, utapumua.

Nesi_RCH
Baba Kelvin umefanya vizuri kupunguza kiasi. Wanaosoma hapa wasichanganye: kuna wanaoongeza maji kwenye maziwa ili mtoto ayachoke. Aliye chini ya mwaka asifanyiwe hivyo hata kidogo, maziwa ya kopo yakizimuliwa kupita maelekezo yanaweza kumdhuru.

Shangazi_Pwani
Mbona haraka hivyo? Wa dada yangu aliiacha mwenyewe akiwa na miaka mitatu.

BintiMakorora
Shangazi, kwa heshima, mtoto huyu meno yameshaanza kuonyesha dalili. Asubiri nini? Tena hapa pa mwaka na miezi miwili bado ni rahisi. Wakifika miaka miwili wanajua kuifuata mpaka kabatini ilipofichwa, wanabishana na wewe kwa maneno.

MamaJunia_Tegeta
Asanteni sana, nasoma huku machozi yananitoka. Uji wa chupa tumeuacha tangu jana, nimemweleza dada. Tatizo nahofia nikitoka saa kumi na moja alfajiri, mtoto akianza kulia dada atampa chupa ili anyamaze. Simlaumu, yuko peke yake naye mchana kutwa. Pia mwisho wa mwezi tunakwenda Moshi kwa bibi yake, kwenye basi itakuwaje? Na akigoma maziwa ya kikombe nimpe nini?

Nesi_RCH
Maziwa si lazima yanywewe. Yapikie kwenye uji, mpondee viazi au ndizi kwa maziwa, mpe mtindi usio na sukari kwa kijiko. Akila hivyo na kupata dagaa, mayai, maharage na maini mara mojamoja, hatadhoofu. Mpime uzito mwezi ujao utulie moyo.

BintiMakorora
Dada mshirikishe, usimwachie amri. Kaa naye Jumamosi mfanye pamoja, aone jinsi ya kushika kikombe, na yeye akuambie mtoto anasumbua saa ngapi, maana anamjua mchana kuliko wewe. Chupa za mchana toa zote nyumbani, ibaki moja ya usiku, ukae nayo chumbani kwako. Na akikupigia simu analia, usimfokee. Mwambie ambebe, watoke nje wakaone kuku.

Ya Moshi: ukianza za mchana wiki hii, hadi mwisho wa mwezi atakuwa amezoea. Ya kulalia usiiguse kabla ya safari, ugeni na kuachishwa kwa pamoja vitamzidi. Kwenye basi beba kikombe chenye mfuniko na maji, ndizi na nguo mbili za kubadilisha. Bibi yake mpigie kabla hujafika, umweleze mpango wote, asije akawapokea na chupa mpya mkononi.