Mjadala: Visa ya muda humrudisha mtu kwao, au humfanya abaki?

Wakuu, naleta hoja. Uhamiaji ukijadiliwa, watu huuliza wameingia wangapi. Wamekaa muda gani? Hilo haliulizwi, na ndilo zito zaidi. Kwa kipimo cha Umoja wa Mataifa, anayehamia nchi nyingine kwa miezi 12 au zaidi ni mhamiaji wa muda mrefu. Basi mwanafunzi atakayeondoka akimaliza shahada anahesabiwa pamoja na familia iliyokwenda kuzeekea huko.

Msimamo wangu: mlango ukibanwa, aliye ndani huogopa kutoka. Tazameni Ujerumani Magharibi. Ilianza kusaini mikataba ya kuleta wafanyakazi na Italia mwaka 1955, ikafikia Uturuki mwaka 1961. Hadi 1973 waliingia watu wapatao milioni 14, na wapatao milioni 11 kati yao wakarudi kwao, njia ikiwa bado wazi. Novemba 1973 serikali ikasimamisha uajiri. Mturuki aliyekuwa kiwandani akajua kwamba akiondoka hapokelewi tena, hivyo akaita mke na watoto. Alihama kwa ajili ya kazi. Akabaki kwa ajili ya familia.

JIBU: Sikubaliani, mkuu. Milioni tatu waliobaki si wachache. Walihitaji nyumba, watoto wao wakahitaji shule, na serikali haikujiandaa kwa sababu iliwaona kama wapita njia. Mlango ulio wazi ndio uliowaleta. Na wakimbizi je? Anayekimbia vita hapangi tarehe ya kurudi, na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unakataza kumrudisha kwenye hatari.

MLETA HOJA: Wakimbizi wana sheria yao, na iheshimiwe. Mimi nasema juu ya waliofuata kazi. Marekani ilikuwa na mpango wa Bracero, uliowaleta vibarua wa Mexico mashambani kuanzia 1942 hadi 1964. Ulipofutwa, mashamba bado yalihitaji mikono, na watu wakaendelea kuvuka, sasa bila vibali. Miaka ya 1990 ulinzi wa mpaka ukaongezwa sana. Kuvuka kukawa kwa gharama kubwa na kwa kuhatarisha maisha. Waliozoea kurudi kwao baada ya msimu wakaacha kurudi, wakahamishia familia upande wa pili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, unayetaka milango ibanwe zaidi: nionyeshe nchi iliyofanya hivyo huku viwanda na mashamba yake yakiendelea kuwategemea wageni, na wageni wale wakaondoka.