Sauti ya Little Walter: Bassman, kiampu cha wati 5 au mashine ya matangazo?

mpuliza_kinondoni
Wakuu habari za humu. Napiga hamonika mwaka wa sita sasa na hela ya amplifaya nimedunduliza mpaka imetimia, ila kwenye kuchagua ndo nimekwama. Mimi kushika hiki kinanda cha mdomo sababu ni mtu mmoja tu, mpiga blues Little Walter. Siku ya kwanza nasikia wimbo wake Juke nilijua ni saksofoni kabisa, nikabishana na binamu yangu nusu saa nzima. Jamaa kazaliwa Marksville, Louisiana, 1930, katoka kwao bado mdogo, kafika Chicago anapiga barabarani Maxwell Street, halafu Mei 1952 yuko na bendi ya mwimbaji wa blues Muddy Waters studio anarekodi hiyo Juke, wimbo usio na neno hata moja na unakaa namba moja chati ya R&B wiki nane! Hamonika tu, kitu cha kuweka mfukoni.

Sasa nimepata tatu za kuchagua. Kuna Fender Bassman mpya iliyoundwa kwa kufuata ile ya 1959, spika nne za inchi 10. Kuna kiampu cha valvu (zile taa za kioo za zamani) mtindo wa Champ, ile ndogo ya Fender, wati 5, spika moja ya inchi 8. Na kuna mzee mmoja ana amplifaya ya matangazo ya zamani, Masco, ya valvu nayo, imetoka Marekani. Kila ninapouliza naambiwa nunua Bassman, ndo ya Walter. Ni kweli jamani?

fundi_valvu
Mkuu hapo kwenye "ndo ya Walter" tuangalie miaka kwanza. Bassman imeingia sokoni 1952 na ilikuwa na spika moja ya inchi 15, hiyo ya spika nne imekuja 1954 kuelekea mwisho wa mwaka. Juke imerekodiwa Mei 1952. Na kabla ya hapo, Julai 1951, Walter alishachomeka maiki kwenye ampu akarekodi na Muddy. Kwa hiyo ile sauti iliyokufanya ubishane na binamu yako haijatoka kwenye Bassman ya spika nne, haikuwepo duniani. Enzi zile hapakuwa na ampu ya hamonika, watu walichomeka kwenye ampu ya gitaa au mashine ya matangazo, chochote kilichopo ukumbini.

Kwa kazi ya mezani kwangu nakwambia chukua kidogo. Ule mkwaruzo mtamu unakuja pale valvu inapofika mwisho wa nguvu zake, na ya wati 5 inafika hapo mapema, unaupata chumbani bila kugombana na mtaa mzima. Ile Bassman ina wati kama 40, mpaka uifikishe pale pa utamu nyumba inatikisika. Halafu kitu kingine, toa valvu ya kwanza ya 12AX7 weka 12AY7, ukuzaji unashuka kutoka 100 mpaka kama 44 na ule mluzi wa maiki unapungua sana, maana hamonika siyo gitaa, maiki iko wazi muda wote mbele ya spika.

Hiyo Masco USICHOMEKE ukutani hivi hivi. Marekani ni volti 120, huku ni 230 kwenda 240. Nimeletewa moja juzi juzi, mwenyewe alichomeka akasikia harufu, transfoma imeungua lami imetiririka mpaka chini ya sahani. Lazima uwe na transfoma ya kushusha umeme. Na usiifungue kama hujui, kapasita zinabaki na umeme hata ukiwa umechomoa.

dada_wa_jukwaani
Fundi naheshimu sana ila mimi nitaitetea Bassman, siyo kwa sababu ya Walter bali kwa sababu ya drama, zile ngoma za bendi. Mimi napiga na bendi kila Ijumaa, nilianza na hiko hiko cha wati 5, nyumbani kitamu mpaka unataka kulia, siku ya kwanza ukumbini mpiga drama kaingia na fimbo zake nikapotea kabisa, naona mdomo wangu unafanya kazi lakini sijisikii. Nikaja kukiweka juu ya kiti nikakitegea maiki mbele kikapitia spika za ukumbi, afadhali, ila sauti inatokea kule mbele kwa watu siyo mgongoni kwako. Kwa Bassman zile spika nne zinakusukuma, noti ya chini unaisikia kwenye goti. Tatizo ni kubeba, inapita kilo 20, na ngazi za kumbi zetu mnazijua.

Kwa hiyo swali langu kwa mleta mada, una bendi au unapiga nyumbani?

pwani_harp
Hamjagusa maiki na ndo nusu ya mambo. Mimi niko Mombasa, nilitafuta Astatic JT-30 ya zamani yenye kristali ndani kwa sababu wote ninaowapenda wanaonekana nayo, nikaipata, miezi miwili ilikuwa raha. Siku moja nikaiacha kwenye gari imeegeshwa juani kuanzia asubuhi mpaka saa nane mchana. Narudi, kimya, inatoa kasauti kama mbu. Ile kristali ni chumvi jamani, joto na unyevu vinaiua, na huku pwani vyote viwili tunavyo mwaka mzima. Tangu hapo natumia Shure ya kijani, ile Green Bullet, ndani haina kristali, inavumilia. Nzito mkononi lakini mwaka wa tatu huu haijanisumbua.

mkazi_wa_illinois
Mimi nilienda kaburini kwa Walter, Evergreen Park, nje kidogo tu ya Chicago. Jiwe limewekwa 1991, miaka 23 tangu afe, kabla ya hapo hapakuwa na alama yoyote. Mtu alikuwa na nyimbo 14 kwenye kumi bora za R&B kati ya 1952 na 1958, akafa Februari 1968 usingizini baada ya kupigana, umri miaka 37. Nilisimama pale nikashindwa hata kutoa hamonika mfukoni.

Ninachotaka kusema, sikilizeni mikono yake. Ile sauti nene ni viganja vimefunga maiki na hamonika pamoja bila upenyo, hewa haitoki popote, na ulimi umeziba matundu ya katikati huku pembeni mbili zinalia kwa pamoja. Fungua kidole kimoja tu sauti inakonda hapo hapo. Na rekodi zake nyingi zina mwangwi wa studio, huo hauji na ampu yoyote kati ya hizo tatu, utanunua pembeni.

mpuliza_kinondoni
Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Dada, sina bendi bado, napiga nyumbani na Jumapili kwa rafiki yangu mwenye gitaa, bila drama. Basi nachukua cha wati 5, chenji naweka kwenye Green Bullet, na ya mzee wa Masco naiacha kwa wenye transfoma. Jana nimejaribu hilo la kufunga viganja bila ampu kabisa, kwa hamonika ya ufunguo wa A, ule mpando wa mwanzo wa Juke unaoishia tundu la 6 kupuliza. Kidole changu kidogo cha kushoto ndo kinavujisha, sijawahi kukiangalia miaka yote sita. Fundi, hiyo 12AY7 naipata kwako?

fundi_valvu
Ninazo mbili, zimetumika ila nimezipima ni nzima. Njoo inbox. Na hicho kidole kilaze kwenye shingo ya maiki, usikinyooshe.